Kiatu Kisichogusa Ardhi

Nchi yetu ina jina, ila kwa sasa halitumiki. Liko wizarani kwa marekebisho tangu mwaka juzi, na sisi wananchi tumeombwa tuwe wavumilivu. Tunavumilia. Kila asubuhi tunawaombea viongozi wetu afya na maisha marefu, na Mungu amesikia, maana wapo wenye miaka tisini ambao bado ni vijana wa chama.

Nataka kusimulia habari ya Sheria ya Viatu vya Baiskeli, na habari ya Sikitu, mama aliyekuwa akisoma nasi masomo ya jioni. Nasimulia bila kinyongo. Kama mahali fulani nitaonekana nimekasirika, msomaji ajue ni joto tu.

Sheria ilianzia angani. Mheshimiwa Mbonde, Waziri wetu wa Barabara na Mwenendo wa Miguu, alikuwa ndani ya ndege akirudi kutoka kwenye mkutano wa kupanga mkutano mwingine. Akafungua gazeti la picha za rangi, akaona watu wa nchi ya baridi wakiendesha baiskeli. Walivaa viatu vya ajabu, vyembamba, vinavyong'aa. Lakini kilichomgusa moyo ni kwamba katika picha nzima hapakuwa na mtu hata mmoja ambaye mguu wake uko chini.

"Hawagusi ardhi," alimwambia katibu wake. "Tangu nizaliwe sijaona nidhamu kama hii."

Aliposhuka tu, aliunda kamati. Wajumbe kumi na tisa walikaa miezi saba katika hoteli iliyo kando ya ziwa. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuendesha baiskeli, na gazeti la Serikali lilisifu jambo hilo, kwa kuwa mjumbe aliyewahi kuendesha angeweza kuwa na upendeleo. Ililetwa baiskeli moja, ikasimamishwa kwa stendi yake katikati ya ukumbi, juu ya zulia. Wajumbe wakapanda kwa zamu, kila mmoja akiinuliwa na wahudumu wawili wa hoteli, mmoja ameshika kiuno na mwingine ameshika usukani. Mjumbe alikanyaga, gurudumu la nyuma likazunguka hewani, wenzake wakapiga makofi. Akichoka, wahudumu walimshika hivyo hivyo mpaka aletewe ndala za hoteli, avalishwe, ndipo ashuke.

Ripoti ilikuwa na kurasa mia nne, na maana yake ilikuwa hii. Kiatu cha baiskeli ni kile kisichogusa ardhi. Kiatu kinachogusa ardhi ni cha kutembelea. Anayekanyagia pedeli kwa kiatu cha kutembelea anachafua chombo cha usafiri, na anayekanyaga ardhi kwa kiatu cha kukanyagia anadhalilisha kiatu. Kwa hiyo kila mwendesha baiskeli awe na jozi mbili, abadilishe kila anapopanda na kila anaposhuka, na abadilishe akiwa juu. Kwa kuwa mtu hawezi kubadili viatu juu ya baiskeli bila kuanguka, Serikali kwa huruma yake itaajiri Wasaidizi wa Kushika, wawili wawili, katika kila njia panda na kila geti la umma. Msaidizi hataachia baiskeli mpaka mwenye baiskeli awe amebadilisha viatu. Atakayeachia kabla, kazi hana.

Hakuna aliyemwambia Waziri kwamba baiskeli hupandwa mguu mmoja ukiwa chini. Nadhani kila mmoja aliamini kwamba mwenzake amekwisha mwambia.

*

Sikitu alikuwa na miaka hamsini na mbili. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa mfagiaji wa zahanati, na dawa zote alizijua kwa mahali zinapokaa na kwa rangi ya kopo. Mganga wa zahanati alikuwa amemwahidi nafasi ya mtunza stoo ya dawa, lakini karatasi za kazi zilitaka cheti cha elimu ya msingi ya watu wazima. Mtihani wa cheti hicho hufanyika mara moja kila miaka mitatu, na mwisho wa umri wa kuufanya ni miaka hamsini na tatu, kwa sababu Serikali inaamini kwamba baada ya hapo mtu ameshajua kila kitu. Kwa hiyo mtihani wa mwaka ule ulikuwa wa kwanza kwake na wa mwisho.

Kutoka nyumbani kwake mpaka zahanati ni kilomita saba, na alizikata kwa baiskeli aliyoachiwa na marehemu mumewe. Mwanzo alikuwa akiendesha na ndala. Siku moja ndala ilichomoka kwenye kilima, pedeli ikazunguka ikampiga kidole gumba, ukucha ukatoka. Jumamosi iliyofuata tukaongozana mpaka kwa Shebe, muuza viatu vya mtumba. Wakati huo kamati ilikuwa bado iko hotelini.

"Mama Sikitu!" Shebe alisema. "Leo umekuja kununua au kunisalimia?"

"Nimekuja kununua, ila kwanza unifundishe. Nataka jozi moja tu. Niendeshee baiskeli, nikifika nifagilie, jioni niingie nayo darasani, na Jumapili niifute vumbi niende nayo kanisani."

"Hicho unachotafuta si kiatu, mama. Hicho ni mume."

"Mume nilimpata, Mungu akamchukua. Nipe kiatu."

Shebe akacheka mpaka akakaa chini. Kisha akainua kiatu cha kisigino kirefu. "Hiki je? Utapendeza."

"Kisigino kitanasa kwenye pedeli. Nitafika na pedeli mkononi."

"Na buti hili?"

"Kilomita saba nainua tofali kila mguu? Wee Shebe, unanitafuta nini leo?"

"Nilikuwa nakupima, na umefaulu," alisema Shebe. Akavuta rundo la raba, akachagua moja, akampa. "Haya, shika soli, kunja. Ikikunjika yote kama chapati, acha, pedeli itakutoboa unyayo. Ikigoma kama ubao, acha vilevile, ukishuka utatembea kama bata. Tunataka ile inayokunjika hapa mbele tu, kwenye vidole."

Sikitu akakunja.

"Sasa geuza. Chini kuwe bapa, mpira halisi, mikwaruzo kiasi. Meno makubwa yatabeba tope lote la mtoni, na soli laini kama sahani itateleza mvua ikinyesha. Vidole vifunikwe, umeshajua kwa nini. Na kamba, mama, kamba! Ziwe fupi, au uzichomeke ndani. Kamba ndefu ni chakula cha mnyororo."

Alijaribu jozi kumi na moja. Kila jozi aliivaa, akatembea mpaka kwenye genge la nyanya na kurudi, akachuchumaa kama anadeki, kisha akapanda baiskeli yake akazunguka soko zima. Wauza mitumba waliacha kazi wakamtazama. Wengine walimshangilia kwa kila mzunguko: "Hicho bana, mama! Hicho kinakupenda!" Jua lilikuwa linaelekea kuzama alipofika jozi ya kumi na moja, raba za kitambaa za rangi ya samawati iliyokolea, soli bapa, tundu dogo upande wa kidole cha mwisho.

"Hizi," alisema Sikitu.

"Zina tundu."

"Mimi je, sina?"

Sijapata kuona mtu mzima akichagua kitu kwa uangalifu namna ile. Nilifikiri Serikali ingejivunia.

*

Sheria ilianza kutumika siku ya Jumatatu saa mbili asubuhi. Kufikia saa tatu, njia panda ya kwetu ilikuwa na waendesha baiskeli thelathini wakizunguka mzunguko wa barabara bila kusimama. Wasaidizi wa Kushika walikuwa wawili tu, na kila mtu alihitaji dakika tano za kushikwa. Asiyeshikwa hakuruhusiwa kuweka mguu chini, kwa hiyo aliendelea kuzunguka akisubiri zamu yake. Muuza maziwa alizunguka mpaka maziwa yakaganda. Bwana mmoja aliyekuwa anapeleka barua ya posa alizunguka kwa saa nne, na alipofika, binti alikuwa ameshamkubali mtu aliyekuja kwa miguu.

Waziri mwenyewe alikuja kuhutubia. Alisimama jukwaani chini ya turubai akiwa na viatu viwili mkononi, kimoja cha kila aina.

"Ndugu wananchi," alisema, "adui wa taifa letu si njaa. Adui ni mkanganyiko wa nyayo! Babu zetu walitembea pekupeku. Baba zetu walivaa kiatu kimoja kwa kila kazi. Sisi ni kizazi cha jozi mbili! Naahidi mbele yenu, hakuna mwananchi atakayezuiwa kufika aendako kwa sababu ya umasikini wa miguu!"

Tulipiga makofi. Kisha akaruhusu swali moja, na Sikitu akasimama.

"Mheshimiwa, shikamoo. Mimi nina jozi moja. Nimeichagua vizuri, inakanyaga pedeli na inatembea. Je, naruhusiwa kuendelea nayo?"

Waziri alimtazama kwa upole, kama daktari anavyomtazama mgonjwa asiyejua kwamba anaumwa.

"Marahaba, mama. Swali zuri sana, na ndiyo maana tuliunda kamati. Kiatu kinachofanya kazi mbili kinanyima kiatu kingine ajira. Nimekujibu?"

"Hapana, Mheshimiwa."

"Ahsante sana," alisema Waziri, na bendi ikapiga.

*

Viatu vyote vilitakiwa kuandikishwa. Ofisini tulimkuta Afisa Nyayo, kijana anayeitwa Lupogo, mwenye sare iliyopigwa pasi hata kwenye soksi. Sikitu akaweka raba zake mezani. Lupogo akafungua fomu.

"Za kukanyagia au za kutembelea?"

"Za vyote viwili, mwanangu."

"Hakuna kisanduku cha vyote viwili."

Sikitu akafikiri. "Basi andika cha kulia cha kukanyagia, cha kushoto cha kutembelea."

Msomaji asifikiri kwamba Lupogo alicheka. Maafisa wetu hawadharau hoja ya mwananchi. Aliinuka, akaingia chumba cha ndani, tukamsikia akipiga simu. Alikaa huko dakika arobaini. Aliporudi alikuwa na jasho.

"Makao makuu wanauliza, utatembeaje kwa mguu mmoja?"

"Waambie nilikuwa natania."

"Siwezi. Wameshaunda kamati ndogo."

Mwishowe aliuliza Sikitu amefikaje ofisini. Sikitu akasema kwa baiskeli. Lupogo akabandika vibandiko viwili vya kijani, kimoja kila kiatu, kwa gundi ambayo haitoki hata kwa mafuta ya taa. Kuanzia dakika hiyo raba zile zilikuwa za kukanyagia, na zikigusa ardhi mbele ya afisa, zinachukuliwa.

"Sasa natokaje humu ndani?" Sikitu aliuliza.

Lupogo akatazama sakafu. Kisha, kwa mara ya kwanza na ya mwisho, akafanya jambo la kibinadamu. Akageukia ukutani akajifanya anasoma kalenda mpaka tulipotoka.

Wiki sita zilizofuata Sikitu aliendesha kwa kujificha. Alishukia kwenye kichaka nyuma ya zahanati, mahali ambapo Serikali ilikuwa haijafika. Jioni alishukia nyuma ya choo cha shule, anaingia darasani akinyata. Alikonda. Alikuwa akisoma ubaoni huku sikio moja liko nje. Siku mwalimu alipomwomba afungue kipindi kwa sala, alisema amina kabla hajaanza.

"Nunua jozi nyingine, mama," tulimwambia.

"Kwa nini?" alijibu, na macho yake yalikuwa mekundu. "Nimefanya kosa gani hata ninunue nyingine? Hizi zina kasoro gani?"

Na duka la Shebe lilikuwa limefungwa, maana aliuza viatu bila kuuliza mteja atavifanyia nini.

*

Mtihani ulifanyika katika ukumbi wa shule ya msingi, mlango unafungwa saa tatu kamili. Kwa kuwa ni eneo la umma, getini walipangwa Wasaidizi wa Kushika wawili, na kwa uzito wa siku hiyo mmoja alikuwa Afisa Lupogo mwenyewe. Mwenzake aliitwa Chonya.

Sikitu alijiandaa. Mke wangu alimwazima viatu vyake vya kutembelea, vya plastiki, vyenye kibandiko cha njano, vyote halali kabisa. Akavifunga kwenye karia ya baiskeli akatoka nyumbani alfajiri. Darajani akakutana na kizuizi. Afisa wa pale alieleza kwamba viatu vilivyovaliwa ni vazi, lakini viatu vilivyofungwa kwenye karia ni mzigo, na mzigo wa viatu ni biashara, na biashara ina leseni. Vikachukuliwa. Alipewa risiti nzuri sana yenye picha ya Waziri.

Alifika getini saa tatu kasoro dakika sita. Sisi wengine tulikuwa tumeshakaa, madirisha yakiwa wazi, na tuliona yote. Lupogo na Chonya wakamdaka kwa ustadi, mmoja nyuma ya kiti na mmoja usukani, baiskeli ikasimama wima kama ile ya hotelini.

"Badilisha viatu, mama," alisema Lupogo.

"Vimechukuliwa darajani."

"Basi huwezi kushuka."

"Nitavua hizi niingie pekupeku."

Msimamizi wa mtihani, Bi Kaheza, alikuwa mlangoni na kijitabu chake cha kanuni. Mama huyu hakujua sheria yoyote duniani isipokuwa iliyo ndani ya kijitabu kile. "Asiye na viatu haingii kwenye mtihani," alisema kwa sauti. "Kanuni ya saba. Dakika tano."

"Bwana Afisa, niachie basi nirudi nikatafute."

"Ukiondoka hurudi kwa wakati."

"Niachie hivyo hivyo."

"Siwezi kukuachia, mama! Hujabadilisha! Wiki iliyopita msaidizi wa stendi kuu aliachia mkono mmoja apige chafya, leo yuko kijijini kwao analima."

"Dakika tatu," alisema Bi Kaheza.

Sikitu akageuza shingo, akamtazama Lupogo usoni. "Huwezi kuniachia?"

"Siwezi."

"Basi, mwanangu, twende wote."

Na akaanza kukanyaga. Wale wawili wangefanya nini? Wakakimbia naye, mmoja kila upande, wameng'ang'ania, mpaka mlangoni. Bi Kaheza akanyoosha mkono. Baiskeli ikasimama, tairi la mbele likiwa ndani ya ukumbi.

"Hii ni nini?"

"Mtahiniwa namba ishirini na tisa," alijibu Sikitu.

Bi Kaheza akafungua kijitabu. Akasoma kurasa zote huku akilamba kidole. "Mtahiniwa awe amevaa viatu. Umevaa. Mtahiniwa awe ameketi." Akainua macho, akalitazama tandiko la baiskeli. "Umeketi. Mtahiniwa asiongee na wenzake. Hawa ni wenzako?"

"Hapana. Hawa ni Serikali."

"Ingia."

Alisukumwa mpaka mbele, karibu na dawati langu. Walimletea ubao wa kukatia mboga kutoka jikoni kwa wapishi wa shule, akaulaza juu ya usukani, akaweka karatasi juu yake. Na kwa saa mbili na nusu Sikitu aliandika. Lupogo alishika usukani, uso wake hatua moja kutoka kwenye majibu, akigeukia pembeni asije akaonekana anaiba. Jasho lilimtiririka mpaka ncha ya pua, na hakuwa na mkono wa kulifuta. Chonya nyuma alikuwa akinong'ona majina ya watoto wake. Kila baiskeli ilipoyumba kidogo, kalamu ya Sikitu iliteleza, na yeye alisonya, akafuta, akaanza upya. Nilimwona akiuma mdomo mpaka ukatoka damu. Kuandika kwenyewe kulikuwa kazi ngumu kwetu sote, hata kwa sisi tuliokuwa na meza.

Kisha Bi Kaheza akatangaza sehemu ya mwisho. "Kusoma kwa sauti. Alama thelathini. Asiyesoma amefeli mtihani mzima. Mtahiniwa atasimama."

Alituita kwa namba. Tulisimama, tulisoma, tulikaa. Maneno yalitutetemesha, lakini tulisoma. Alipofika ishirini na tisa sote tuligeuka kuitazama baiskeli.

"Nisome nikiwa hapa juu?" Sikitu aliuliza.

"Kanuni inasema asimame."

"Mama, usishuke," Lupogo alimsihi kwa kunong'ona. "Nakuomba. Ukigusa chini nitalazimika kuvichukua, na bila viatu Bi Kaheza atakutoa nje. Omba wakuahirishie."

"Mpaka lini? Miaka mitatu ijayo nitakuwa na hamsini na tano."

"Mimi sikuitunga sheria hii, mama."

"Najua. Hakuna aliyeitunga. Kila ofisi niliyoingia nimeambiwa hivyo."

Akafumba macho. Nilikuwa karibu, nikasikia sala yake, fupi kuliko zote alizowahi kusali darasani. "Ee Mungu, mimi sikuombi gari. Naomba nishuke."

Akashusha mguu wa kushoto. Soli bapa ya raba ikagusa sakafu. Akavusha wa kulia juu ya tandiko, nao ukagusa.

"Kiatu!" Lupogo alipiga kelele. "Mama! Umegusa!"

"Nimeona."

"Nakuja kuvichukua!"

"Njoo."

Lupogo akatazama mikono yake. Ilikuwa imeshika usukani. Akamtazama Chonya.

"Mkuu, tusiachie," alisema Chonya. "Hajabadilisha."

"Najua hajabadilisha!"

"Kimya kwenye chumba cha mtihani," alisema Bi Kaheza. "Ishirini na tisa, soma."

Karatasi ya kusomea ilikuwa hotuba ya Waziri, ile ya njia panda, imechapwa kwa wino mweusi. Sikitu akaweka kidole chini ya mstari wa kwanza. Alisoma polepole, akipumzika kwenye kila nukta kama tulivyofundishwa, hakuruka neno, mpaka akafika kwenye ile ahadi. "Hakuna. Mwananchi. Atakayezuiwa. Kufika. Aendako." Hapo akanyamaza kidogo, na mimi nikadhani ameshindwa kusoma lililofuata. Hakuwa ameshindwa. Alikuwa anawatazama wale wawili walioshika baiskeli isiyo na mtu. Kisha akamalizia mpaka nukta ya mwisho, akampa Bi Kaheza karatasi zake, akaenda mlangoni.

"Rudi ubadilishe!" Lupogo alimwita. "Mama! Tutaachiaje?"

"Nibadilishe kwa viatu gani, mwanangu?"

Akatoka. Getini hapakuwa na afisa wa kumzuia, kwa kuwa maafisa wote wa geti walikuwa ndani.

*

Alipata alama sabini na moja. Mwezi uliofuata alikabidhiwa ufunguo wa stoo ya dawa, na kwa mshahara wa kwanza alinunua viatu vya kutembelea, akaenda navyo shuleni kuchukua baiskeli yake. Wakampokea vizuri. Wakamwambia abadilishe, ila abadilishe akiwa juu, kwa hiyo kwanza apande. Na kupanda kunataka viatu vya kukanyagia, na vyake viligusa sakafu mbele ya mashahidi arobaini. Faili lake liko kwa Waziri. Tunamwombea Waziri macho mazuri.

Baiskeli bado imeshikwa. Zamu zimeongezwa mpaka nne, wasaidizi wanane, kwa posho. Shule imehamishia mitihani yake chini ya turubai. Waziri alikuja kukagua, akaiita Kituo cha Kwanza cha Ushikaji wa Kudumu, akapiga picha.

Sikitu huenda kazini kwa miguu, kilomita saba kwenda na saba kurudi. Ijumaa moja tulikuwa tunarudi naye, akapita kwenye dirisha la ukumbi. Lupogo alikuwa zamu. Mabega yake yalikuwa yameinama, sare haikuwa na pasi.

"Shikamoo, mama," alisema. "Eti siku hizi wewe ndiye mwenye stoo? Mna dawa ya kuchua? Mikono imekufa."

"Marahaba. Ipo. Rafu ya pili, kopo la kijani."

"Nisaidie basi. Uniletee Jumatatu."

Sikitu aliitazama baiskeli ya mumewe toka kengele mpaka tairi la nyuma. Lilikuwa limeisha upepo.

"Ningependa," alisema. "Ila dawa anapewa mgonjwa aliyefika mwenyewe. Ndivyo ilivyoandikwa ukutani, na siku hizi naweza kusoma. Njoo tu, mwanangu. Si mbali."

"Nitakujaje, mama?"

"Hata mimi nilikuuliza hivyo," alisema Sikitu, akainama kuchomeka kamba za kiatu, na tukaendelea na safari kwa miguu.